Ubongo na Ukali wa Damu

Juma lililopita, baada ya swala ya alasiri, alitujia mama mmoja na mwanawe wa miaka 11. Kijana amelegea, anavuta pumzi ndefu za haraka kama aliyetoka mbioni, na kinywa chake chanukia tunda lililoiva kupita kiasi. "Maalim, nisomee mwanangu, na kombe nimnyweshe." Tulipouliza tukaambiwa kwamba kwa majuma mawili alikuwa akinywa maji bila kukoma, akikojoa usiku kucha, na mwili ukimwisha. Tukamwambia kisomo hatumnyimi, ila tutakisoma garini, tukielekea hospitali. Kilikuwa kisukari.

Kijana alipopata nafuu, mama akatuuliza: sukari si ndiyo chakula cha ubongo? Vipi basi damu ijae sukari na akili ilegee?

Ubongo ni sehemu 2 tu kwa 100 ya uzani wa mtu mzima, lakini hutumia takriban sehemu 20 kwa 100 ya nishati ya mwili uliotulia. Glukosi huingia humo kwa milango ambayo, tofauti na ile ya misuli, haingojei insulini. Kando ya seli za neva zipo seli zenye umbo la nyota, zilizoikumbatia mishipa midogo ya damu. Neva zikichapa kazi hutoa potasiamu. Seli hizo za nyota zikiihisi huingiza bikaboneti, tindikali ndani yake ikapungua, na kasi ya kuvunja glukosi ikapanda. Nasi tuliosoma chuoni tulidhani ubongo hungoja tu kulishwa!

Tindikali ikizidi ndani ya seli, mambo hugeuka. Kimeng'enya kikuu katika njia ya kuvunja glukosi hupoa, sukari iliyokwisha kuingia hukwama foleni, na ile ya nje hupokewa polepole.

Mtoto asiye na insulini mwili wake huunguza mafuta, na humo hutoka ketoni, ambazo huifanya damu kuwa kali. Zile pumzi ndefu ni juhudi ya mwili kuutoa ukali huo. Ile harufu ni ya asetoni. Hatusemi ukali peke yake ndio uliomlegeza kijana, kwani maji nayo yalikuwa yamemtoka mno kwa mkojo. Lakini njaa ya sukari haikuwa, na aliyetaka kumpa asali (jirani, kwa nia njema) angemzidishia mzigo.

Wengine huanza kwa kutapika na kuumwa tumbo, watu wakadhani ni malaria au chakula kibaya. Tone moja la damu ya kidoleni, likipimwa sukari zahanatini, huondoa dhana hiyo kwa dakika chache.

Na nyinyi mama zetu ambao watoto wenu tayari wachomwa insulini: mtoto akiugua na kukataa chakula, msiikatize insulini kwa kusema hakula. Mpimeni sukari, na ketoni ikiwezekana, mkamwone daktari siku hiyo hiyo. Na akianza kuvuta pumzi kama tulizozieleza, msingoje kupambazuke.