Chopa na Ndege Zikijaa Kabunde na Lichota, Nani Huzizuia Kugongana?

Wasee wa Homa Bay na Migori, hii inawahusu. Siku hizi ndege ama chopa kushuka Kabunde au Lichota si story kubwa. Lakini mbili zikikaribiana huko juu, nani hupisha nani?

Ndege kubwa za abiria hubeba mtambo unaoitwa TCAS. Huo mtambo huuliza ndege zilizo karibu ziko wapi na ziko juu kiasi gani. Ukiona zinakaribiana vibaya, unamuonya rubani. Mambo yakizidi kuwa noma, unatoa amri: huyu apande, yule ashuke.

Amri hiyo haina mjadala. Julai 1, 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, muongozaji wa ndege aliambia ndege ya Urusi ishuke, TCAS ikasema ipande. Marubani wakafuata muongozaji. Ndege ya mizigo ya DHL nayo ilikuwa inashuka, vile TCAS yake ilisema. Watu 71 wakafa.

Sasa shida iko hapa. TCAS huona tu ndege inayojibu, na jibu hutoka kwa kifaa kinachoitwa transponda. Ikiwa imezimwa ama haiko, hiyo ndege ni kama boda bila taa usiku. Pia, ikikaribia ardhi, chini ya futi 1,000 hivi, TCAS huacha kutoa amri. Na sheria ya kimataifa inailazimisha kwa ndege za injini ya tabo zenye uzito wa zaidi ya kilo 5,700 ama za abiria zaidi ya 19. Chopa na ndege nyingi ndogo hazimo.

Usidhani ni mambo ya majuu. Machi 5, 2024, ndege ya Safarilink yenye watu 44 iligongana na Cessna ya mafunzo karibu na Wilson, Nairobi. Wawili waliokuwa kwa Cessna walikufa. Hiyo ni Wilson, penye mnara wa kuongoza ndege.

Kwa airstrip isiyo na mnara, kinga ni marubani wenyewe: kutangaza kwa redio walipo na kuangalia nje kwa macho. Kampeni za 2027 zikianza kuleta chopa tatu kwa mkutano mmoja, swali la kuuliza mheshimiwa si chopa ni ya nani. Muulize: transponda iko on, na nani anapanga zamu ya kushuka? Kaeni rada.