Nani Aliyeitengeneza Dawa Hii?

Mwezi Agosti 2021, siku za mwanzo za chanjo ya korona hospitalini kwetu, mzee mmoja alikunja mkono wa shati, kisha akaushusha tena. "Sista, kabla hujanichoma, niambie hii imetengenezwa wapi." Tulimjibu bila kusita, "Marekani, Baba. Ni ya Janssen." Akaridhika, akachanjwa, akaenda zake. Chanjo hizo zilifika nchini Julai mwaka huo, dozi 1,058,400, msaada kutoka Marekani. Tulichomjibu mzee lilikuwa jina la mwenye dawa. Aliyeipika na aliyeijaza kichupani hatukuwajua, na lebo haikutusaidia.

Ndugu msomaji, wengi wetu hudhani kwamba kampuni iliyoandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa ndiyo iliyotengeneza kilichomo ndani. Kwa dawa za kibayoteknolojia mara nyingi sivyo. Dawa hizi hazichanganywi kama dawa ya kikohozi. Chembe hai hukuzwa ndani ya matangi, hulishwa na kutunzwa kwa joto lisilopanda wala kushuka, na zikiingiliwa na kijidudu kigeni kazi yote humwagwa. Hata insulini tunayowachoma wagonjwa wa kisukari hutolewa na bakteria au hamira iliyopandikizwa jeni ya binadamu. Kiwanda cha namna hiyo ni ghali na huchukua miaka kujengwa. Kwa hiyo kampuni nyingi huwapa kazi hiyo watengenezaji wa mkataba: mmoja akuze, mwingine ajaze chupa, pengine katika nchi mbili tofauti.

Ni kama wazazi wanavyopeleka vitambaa vya sare kwa fundi mwezi Desemba. Hakuna ubaya. Lakini fundi huyo akiwa na kazi za shule mbili mezani, na shule zote zinafunguliwa Jumatatu, tunajua yanayoweza kutokea.

Ndivyo ilivyotokea mjini Baltimore, Marekani. Kampuni ya Emergent BioSolutions ilipewa mkataba wa kukuza malighafi ya chanjo ya Johnson & Johnson, hiyo hiyo ya Janssen, na ndani ya kiwanda hicho hicho ikakuza pia ya AstraZeneca. Mwezi Machi 2021 ilijulikana kwamba malighafi za chanjo hizo mbili zilikuwa zimechanganyika, na dozi zipatazo milioni 15 zikaharibika. Ukaguzi wa ubora uliigundua kasoro hiyo kabla chanjo haijamfikia mtu, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini wakaguzi wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani walipoingia mwezi Aprili walikuta rangi ikibanduka ukutani, usafi usioridhisha na wafanyakazi wasiofunzwa vya kutosha. Sisi tuliolelewa na masista waliokuwa wakipitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi tulisoma habari hiyo mara mbili. Ripoti ya Bunge la Marekani ya mwaka 2022 ilisema kwamba kutokana na makosa ya kiwanda hicho, chanjo ya kutosha karibu dozi milioni 400 iliteketezwa.

Hasara hiyo haikuishia huko. Malighafi ya Baltimore ilikuwa imesafirishwa hadi Gqeberha, Afrika Kusini, ambako kampuni ya Aspen ilikuwa na mkataba wa kuijaza kwenye vichupa. Mwezi Juni 2021 nchi hiyo ililazimika kutupa dozi milioni 2, wimbi la tatu la ugonjwa likiwa linapanda. Fundi wa pili hakukosea chochote, lakini kitambaa alichopewa kilikuwa kimeharibiwa na fundi wa kwanza.

La Agosti mwaka ule lilituuma zaidi. Ilifahamika kwamba mamilioni ya dozi zilizojazwa Gqeberha zilikuwa zikipelekwa Ulaya, wakati katika bara letu waliokamilisha chanjo hawakufika hata watu 5 kati ya 100. Aspen alikuwa mtengenezaji wa mkataba. Mzigo haukuwa wake, wala hakuwa na neno juu ya unakokwenda. Ilibidi Umoja wa Afrika na Umoja wa Ulaya wazungumze, na mwezi Septemba wakakubaliana kwamba chanjo za kiwanda hicho zibaki Afrika. Hapo ndipo tulipoelewa kwamba kuwa na kiwanda jirani si sawa na kuwa na dawa. Mwaka 2022 Aspen alipata leseni ya kuuza chanjo hiyo kwa jina lake mwenyewe, na oda haikuja hata moja.

Je, tuseme mikataba hii ikomeshwe? Hapana. Mwaka 2023 kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark ilimpa Aspen kazi ya kutengeneza insulini kwa ajili ya Afrika, mpango ukiwa chupa milioni 16 katika mwaka 2024. Yeyote aliyewahi kumwambia mama wa mtoto mwenye kisukari kwamba insulini imekwisha, arudi wiki ijayo, hawezi kuidharau habari hiyo. Tunachosema ni kwamba serikali zetu zinaponunua au kupokea dawa za namna hii, zidai mambo mawili kwa maandishi. Boksi lionyeshe kiwanda kilichokuza na kiwanda kilichojaza, wala lisitaje mwenye jina peke yake. Na kiwanda kikiwa barani mwetu, mkataba useme wazi ni sehemu gani ya mzigo itabaki hapa siku ya shida, kabla shida haijafika.

Na sisi wauguzi tusijitoe. Namba ya bechi ndiyo kamba pekee inayomuunganisha mgonjwa na tangi ilikotoka dawa yake. Kiwanda kikitangaza kwamba bechi fulani irudishwe, tutawapata vipi waliochomwa kama daftari limeandikwa "insulini" tu? Tumeyaona madaftari hayo, na mengine, tukiri, yana mwandiko wetu. Tangu mwaka jana tunaandika namba ya bechi kwenye daftari na kwenye kadi ya mgonjwa. Foleni inachelewa kidogo na watu wananung'unika.

Wewe msomaji, ukipewa chupa ya insulini uende nayo nyumbani, usitupe boksi hadi chupa iishe. Ukichomwa hospitalini, itazame kadi yako kabla hujaondoka. Kama namba haipo, rudi dirishani uiulize, hata kama sista amekunja uso.