Jirani Hashibi kwa Picha

Leo siongelei mishono ya nikaha, naongelea majirani.

Mimi ni fundi cherehani, duka langu liko Kahama. Leo nakata gauni la bi harusi wa Kiislamu, kesho shela la kanisani, na wote wananilipa vizuri. Lakini kila Ramadhani naona yale yale: kituo kinaalika viongozi wa dini zote, wanafuturu, wanapiga picha, wanaagana. Wanaume watupu! Mama anayeuza mchicha mbele ya geti hajapewa hata kikombe cha uji.

Tumesahau Buseresere? Februari 2013, huko Geita, ugomvi wa nani achinje nyama ya buchani uliishia kwa damu, mchungaji akauawa. Kikao cha baada ya mazishi hakimrudishi mtu.

Kuna watakaosema nachanganya dini. Hapana! Surat Al-Mumtahina, aya ya 8, haitukatazi wema na uadilifu kwa wasiotupiga vita kwa ajili ya dini yetu wala kututoa majumbani mwetu. Kumfundisha jirani kushona si kusali naye.

Basi viongozi wetu, fungueni ukumbi wa wanawake japo Jumamosi moja kwa mwezi: cherehani tatu, chai, mlango wazi. Nawe bi harusi, ukigawa sahani za walima, mkumbuke jirani asiye Muislamu. Aliyekula pilau yako, siku uvumi ukija, atakuja kukuuliza kwanza.