Ekuteri za Elfu Moja Zinatosha

Wacha niseme wazi tangu mwanzo: zile ekuteri za waya zinazokuja ndani ya boksi la simu ndogo, au zinazouzwa Kamembe kwa faranga elfu moja hivi, zinatosha. Wenzetu wa Tanzania watasema spika za masikioni, sisi huku ni ekuteri. Zinatosha kwa kusikiliza kila siku, na anayezidharau hajalala ndani ya hangari.

Nasema hivi kwa sababu kwenye kikao cha vijana mgeni mmoja wa shirika (shirika silitaji, na yeye ni mtu wa heshima) alizishika kwa vidole viwili kama mtu ameokota panya, akasema ni takataka, zinaharibu masikio. Pendekezo lake: zinunuliwe hedifoni kumi nzuri, zisizo na waya, zifungiwe kwenye kabati la kituo, tuwe tunaziazima kwa kusaini. Baadhi walipiga makofi. Mimi sikupiga.

Kwani watu wanasikiliza nini hapa? Mgeni aliwaza muziki. Muziki upo, ndiyo, na kwa muziki hizi za bei rahisi besi yake ni nyembamba kama chai ya mwisho wa mwezi. Lakini tangu vita ifike Bukavu, Februari 2025, mimi ninavyoona hapa Nyarushishi watu wanasikiliza zaidi sauti za WhatsApp. Nani amebaki nyumbani, nani amevuka, nani hapokei simu tena. Na ndani ya hangari, kati ya familia na familia kuna shitingi tu, pengine kitenge. Mama akifungua sauti bila ekuteri, habari ya msiba wake majirani wanaisikia kabla yeye mwenyewe hajaielewa. Kuna mama nilimwona anatoka usiku kwenye mvua, simu ameificha ndani ya kitenge, ili asikilize maneno ya mume wake peke yake. Ndugu wa mashirika, mnatufundisha sana habari ya faragha, mabango mmebandika. Faragha ya huyu mama ni waya wa mita moja. Mume wake anaongea tu, haimbi. Besi ya nini?

Halafu kuna redio. Simu nyingi zenye FM zinatumia waya wa ekuteri kama antena. Wimbi la FM lina urefu wa karibu mita 3, kwa hiyo waya wa mita moja hivi unalikamata vizuri. Ukichomoa, simu yenyewe inakuambia: chomeka ekuteri. Hedifoni isiyo na waya, hata ya laki moja, kazi hiyo haiwezi. Mzee anayetaka kusikia Radio Okapi kwa Kiswahili, au redio ya hapa Rusizi, hana haja ya mega wala ya kusaini kwenye kabati. Tena hedifoni za bila waya zenyewe zinataka chaji. Foleni ya chaji mnaijua.

Sasa masikio, maana hapo ndipo tulitishwa. Kinachoharibu sikio ni ukubwa wa sauti na muda, bei haimo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukipanda hadi 90, zinabaki saa 4 tu kwa wiki nzima. Hesabu hiyo ni ileile kwa ekuteri ya elfu moja na hedifoni ya laki. Ila niwe mkweli: zile za plastiki ngumu zinaacha kelele ya nje iingie, mvua ikipiga shitingi kijana anaongeza sauti mpaka mwisho, na hapo hatari ipo kweli. Dawa yake ni kuchagua zile zenye kimpira laini mbele, ambazo bei yake ni hiyohiyo au imezidi kidogo, na kupunguza. Simu zetu hazionyeshi desibeli, basi tumia jirani: akisikia wimbo wako, umezidisha. Na mkigawana moja sikio moja moja, mfute kwanza, jamani.

Ubovu wake wa kweli ni waya. Unakatika pale karibu na pini, kwa wengine mwezi haujaisha. Hapo sina utetezi. Vijana wetu wanaukata, wanachubua, wanaunga upya, wanafunga tepu, na mara nyingi upande wa kushoto unarudi.

Ufaransa, nchi tajiri, mwaka 2010 iliweka sheria kwamba simu iuzwe pamoja na kifaa cha kuiweka mbali na kichwa, ndiyo maana maboksi ya kule yalikuwa na ekuteri. Wakalifuta sharti hilo 2021. Wao wana vyumba, wanaweza kuacha.

Kwa hiyo ombi langu kwa kikao kijacho: pesa ya zile hedifoni kumi inunue ekuteri za waya zenye kimpira, moja kwa kila familia, waanze wale ambao watu wao wamebaki ng'ambo. Na tepu na vikata waya kwa kituo cha vijana. Kabati libaki na vitabu.