Bonanza la hisani: Kanuni chache zinazoamua kama fedha zitamfikia mlengwa

Soka la wachezaji watano au saba kila upande limekuwa njia ya kawaida ya kuchangisha fedha mitaani: ada ya mwanafunzi, matibabu ya jirani, mabati ya zahanati, magodoro ya kituo cha watoto yatima. Timu hupatikana kwa urahisi na watazamaji hufika. Mara nyingi kinachokosekana ni kanuni zilizoandikwa na kukubaliwa kabla ya mpira kuanza kuchezwa.

Mgogoro wenyewe unafahamika na kila aliyewahi kusimama pembeni ya uwanja wa mchangani. Timu moja inaleta mshambuliaji ambaye hakuna anayemfahamu mtaani, nyingine inapinga. Mwamuzi hana karatasi ya kurejea. Mechi inasimama kwa nusu saa, ratiba inavurugika, giza linaingia kabla ya fainali. Wiki inayofuata watu hawazungumzii tena mtoto aliyekuwa anachangiwa, wanazungumzia nani alidhulumiwa.

Katika eneo letu suala hili linazidi kuwa na uzito. Agosti 2025, Tanzania, Kenya na Uganda ziliandaa kwa pamoja mashindano ya CHAN, na nchi hizo tatu ndizo zilizopewa uenyeji wa AFCON 2027. Hamasa ya soka iko juu, na kila mwenye jambo la kuchangisha anaona mpira ndiyo njia ya haraka. Wakati huo huo, imani ya wananchi kwa michango ya hadhara imetikisika. Nchini Kenya, Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alitangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki katika harambee. Anayeandaa bonanza leo anawaomba fedha watu ambao tayari wana maswali.

Nani anaruhusiwa kucheza?

Hili ndilo swali la kwanza, na ndilo linalovunja mashindano mengi. Katika ligi, lengo ni kumpata aliye bora. Katika bonanza la hisani, lengo ni kuwaleta watu wengi uwanjani na kuwafanya watoe. Timu iliyojaa mamluki inaweza kutwaa kombe, lakini inawafukuza wengine ambao wangerudi mwakani na mchango wao.

Mfano unaofaa kutazamwa ni Kombe la Dunia la Watu Wasio na Makazi, lililochezwa kwa mara ya kwanza mjini Graz, Austria, mwaka 2003, na ambalo mwaka 2025 lilifanyika Oslo, Norway. Huko sifa ya kucheza haihusiani na kipaji. Mchezaji lazima awe na umri usiopungua miaka 16, awe amepitia hali ya kukosa makazi katika kipindi kilichowekwa au yumo katika makundi mengine yaliyotajwa, kama vile waomba hifadhi. Kanuni nyingine inasema aliyewahi kucheza mashindano hayo harudi tena kama mchezaji. Sababu yake ni kwamba nafasi ni chache na kila mwaka wapo wengine wanaoihitaji. Waandaaji walijiuliza kwanza mashindano ni ya nani, ndipo wakaandika kanuni.

Kwa bonanza la mtaa, kanuni inayotekelezeka ni fupi: kila timu iwasilishe orodha ya majina yasiyozidi kumi siku tatu kabla, jina moja lisionekane katika timu mbili, na pingamizi juu ya mchezaji litolewe kabla ya mechi yake ya kwanza, si baada ya kufungwa. Kama wachezaji wa ligi za juu wanaruhusiwa, idadi yao itajwe, kwa mfano mmoja kwa kila timu. Kila timu ikimjua wake na wa mwenzake mapema, hakuna wa kushangaa.

Kiwanja kidogo si kiwanja kikubwa kilichopunguzwa

Bodi ya kimataifa inayotunga sheria za soka, IFAB, inaruhusu mashindano ya ngazi ya chini, ya vijana na ya maveterani kubadili ukubwa wa kiwanja, ukubwa wa goli, muda wa mchezo na utaratibu wa wachezaji wa akiba. Kwa hiyo anayeandaa bonanza havunji sheria anapotunga zake. Anatumia nafasi ambayo sheria yenyewe imeiacha.

Futsal ya FIFA inachezwa na watano kila upande, na mchezaji anayetoka anaweza kurudi. Timu ikifikisha faulo ya sita katika kipindi kimoja, wapinzani wanapewa mkwaju wa moja kwa moja usio na ukuta. Kanuni hiyo inazuia mbinu ya kukata kila shambulizi kwa rafu ndogondogo. Na timu iliyopata kadi nyekundu inaweza kuingiza mchezaji mwingine baada ya dakika mbili, kwa sababu kwenye kiwanja kidogo kupungukiwa mtu mmoja kwa mechi nzima kunaua mchezo.

Mashindano ya watu wasio na makazi yamekwenda mbali zaidi. Kiwanja ni mita 22 kwa 16, timu ina wachezaji wanne akiwemo kipa, na mechi ni vipindi viwili vya dakika saba. Kipa hatoki katika eneo lake na wengine hawaingii humo. Mchezaji mmoja wa kila timu lazima abaki upande wa wapinzani, hivyo hakuna timu inayoweza kurudi nyuma yote kulinda goli. Mechi ikiisha sare hupigwa penalti: mshindi anapata pointi mbili na aliyeshindwa anaondoka na moja.

Kwa nini dakika 14 na si 40? Jibu liko kwenye saa. Chukua timu 16 katika makundi manne. Hatua ya makundi ina mechi 24, robo fainali nne, nusu fainali mbili, mshindi wa tatu na fainali: jumla 32. Ukihesabu dakika 14 za mchezo, moja ya mapumziko na tano za kubadilishana timu, kila mechi inachukua dakika 20. Kwenye kiwanja kimoja hizo ni saa 10 na dakika 40. Mkianza saa tatu asubuhi, fainali itaisha saa 1:40 usiku. Mkiwa na viwanja viwili, na mechi ya mshindi wa tatu na fainali zikichezwa peke yake, mnamaliza saa 8:40 mchana na muda wa hotuba na michango unabaki. Uwanja mkubwa wa mita 105 kwa 68 unatosha kugawanywa viwanja vinne vya mita 40 kwa 25 na nafasi ikabaki kati yake.

Kanuni ya kuchelewa inatokana na hesabu hiyo hiyo. Timu isiyofika ndani ya dakika tano inapoteza kwa ushindi wa mezani, bila kujali ni timu ya nani. Mkifungua mlango kwa timu ya mdhamini, mmeufungua kwa wote.

Usalama si jambo la kuachiwa mwamuzi peke yake

Wanaocheza bonanza ni mchanganyiko: kijana wa miaka 18 anakutana na baba wa miaka 50 ambaye hajakimbia tangu Krismasi. Ndiyo maana mashindano mengi ya timu ndogo hupiga marufuku kuteleza miguuni kwa mpinzani na njumu za meno ya chuma. Mchezaji aliyegongwa kichwa na kuonekana kuchanganyikiwa hatakiwi kurudi siku hiyo, hata akidai yuko sawa. Magoli ya kuhamishika yafungwe ardhini au yawekewe uzito, kwani goli linaloanguka linaweza kuua mtoto anayening'inia. Kuwe na mtu wa huduma ya kwanza, maji, na gari linalojulikana litakalompeleka majeruhi hospitali. Mambo haya yaandikwe pamoja na kanuni za mchezo, na jina la anayehusika na kila moja litajwe.

Kanuni inaweza kubadili tabia

Wapo waliotumia kanuni kufanya zaidi ya kuzuia ugomvi. Baada ya beki wa Colombia Andrés Escobar kuuawa mjini Medellín, Julai 1994, siku chache baada ya kujifunga katika Kombe la Dunia, Mjerumani Jürgen Griesbeck alianzisha mpango wa soka la amani mjini humo. Timu zilichanganya wavulana na wasichana, na bao la kwanza lilipaswa kufungwa na msichana. Mvulana aliyetaka kushinda alilazimika kumpasia mwenzake aliyekuwa akimdharau.

Karibu na nyumbani, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1987, kiliziwekea timu zake sharti la kusafisha mazingira, na usafi huo ukahesabiwa katika pointi za ligi. Timu isiyoshika reki na toroli ilijikuta nyuma kwenye msimamo. Kutoka katika chama hicho ilizaliwa Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Kwa hiyo sharti la kijamii halikuua ushindani.

Bonanza la hisani linaweza kuazima wazo hilo. Timu iliyokusanya mchango mkubwa zaidi inaweza kupewa nafasi ya juu pale ambapo mbili zimelingana kwa pointi. Yenye nidhamu bora inaweza kupewa zawadi sawa na ya bingwa.

Fedha ziende wapi

Hapa ndipo kanuni nyingi hunyamaza. Tufanye hesabu ya mfano. Timu 16 zinalipa kiingilio cha shilingi 50,000 kila moja, jumla 800,000. Kombe, medali na zawadi ya mshindi vinachukua 400,000. Waamuzi, vipaza sauti na maji, 250,000. Mlengwa anabaki na 150,000, chini ya shilingi moja katika kila tano. Hakuna aliyeiba, lakini waliotoa wakidhani wanamsaidia mgonjwa wamenunua medali.

Tiba yake ni kanuni ya mistari michache. Kiingilio chote kiende kwa mlengwa, na gharama zitafutiwe mdhamini au zipunguzwe. Zawadi iwe mbuzi au kombe la kuzungushwa kila mwaka badala ya fedha taslimu. Watu watatu, mmoja wao akitoka upande wa mlengwa, wahesabu fedha pamoja na kusaini. Jumla itangazwe kwenye kipaza sauti kabla ya kombe kutolewa, na stakabadhi ya makabidhiano ibandikwe ofisi ya mtaa. Kibali cha serikali ya mtaa kwa mkusanyiko na uchangishaji kiombwe mapema. Na mwanasiasa anayechangia aandikwe kwenye daftari kama wengine, bila kupewa kipaza sauti kwa nusu saa. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kanuni zote hizi zinaenea kwenye karatasi mbili. Kinachohitajika ni manahodha kuitwa siku chache kabla, kusomewa, kuuliza na kusaini, na nakala moja kukaa mezani kwa mwamuzi siku ya mchezo. Mzozo ukitokea, na utatokea, kamati inafungua karatasi, inasoma kifungu, na mpira unaendelea huku bado kukiwa na mwanga wa kuhesabia michango.