Boti ya kujiendesha ya kupima maji: anza na mota, ubongo uje baadaye



Siku hizi swali ninaloulizwa sana na vijana wanaofuga sato kwenye vizimba huku kwetu Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, ni hili: "Bwana shamba, tunataka kutengeneza boti inayojiendesha yenyewe, ipite kwenye vizimba alfajiri ipime oksijeni. Tununue ubongo gani?"

Jibu langu: mmeanza na swali la mwisho. Mimi nina stashahada ya ugani, siyo injinia, lakini somo hili nimelipata kwa hasara, na hasara yenyewe waliibeba wengine.

Kilichotokea

Kikundi kimoja cha vijana walikuja kwangu na hela ya mauzo ya samaki. Walitaka boti ya namna hiyo na mimi nikawaunga mkono kwa mikono miwili. Wazo ni zuri kweli. Oksijeni kwenye maji inashuka usiku kucha na inafika chini kabisa karibu na mapambazuko, muda ambao mfugaji mwingi bado amelala. Kuna siku pia maji ya kina kirefu, yasiyo na oksijeni, yanapanda juu. Ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, sato anaanza kutaabika. Ukijua mapema unasimamisha kulisha na unawasha pampu ya hewa. Ukichelewa, unaokota mizoga.

Sehemu kubwa ya hela ikaenda kwenye kamera na kompyuta ya boti. Kwenye mota tukabana. Nasema "tukabana" kwa sababu mimi ndiye niliyesema mota ndogo zitatosha, ziwa asubuhi limetulia.

Asubuhi moja propela ikanasa magugu maji karibu na kizimba cha tatu. Mota ikavuta umeme mwingi, volti zikaanguka, kompyuta ikazima. Sasa kumbuka, usiku na alfajiri upepo wa huku unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Boti ikaanza kuondoka taratibu kuelekea maji makuu. Vijana wakaifukuza kwa mtumbwi zaidi ya saa moja. Boti wakaipata, ila hakuna aliyebaki kupima vizimba. Waliporudi, samaki wa vizimba viwili walikuwa wanaelea.

Boti ile iliwafanya waache kufanya kwa mkono kazi waliyokuwa wanaifanya kila siku. Ndiyo maana leo nasema bila kuzunguka: kama hela ni kidogo, weka kwenye mota, betri na usalama. Ubongo wa bei ya chini unatosha.

Mwili na uzito

Tumia mabomba mawili ya PVC yaliyozibwa ncha, uyaunganishe kwa fremu. Bomba la milimita 110 lenye urefu wa mita 1.2 lina ujazo wa takriban lita 11, na kila lita iliyozama inabeba kilo 1. Mawili ni lita 22, lakini usizamishe zaidi ya nusu. Kwa hiyo boti nzima, pamoja na betri na mabomba yenyewe, isizidi kilo 11.

Mota

Weka mbili, moja kila upande, bila usukani. Ukipunguza moja, boti inakata kona. Kitu kinachochezacheza majini kinapungua, na mota moja ikifa, ile nyingine bado inaweza kukukokota kidogo.

Chagua mota zisizo na brashi zilizotengenezwa kufanya kazi ndani ya maji. Mota za pampu za kutoa maji kwenye boti ni rahisi na zinafaa kujifunzia, ila nguvu yake ni ndogo na zinakula betri. Kuna wanaopendelea feni ya juu, inayosukuma hewa. Nawaelewa, kwani hainasi magugu. Lakini kwa mwendo mdogo inapoteza nguvu nyingi, na inakata vidole. Mimi ningekaa na propela ya majini yenye kinga ya waya.

Hakikisha kidhibiti cha mota kinaweza kurudisha nyuma. Vingi vya droni vinazungusha upande mmoja tu. Magugu yakijiviringisha, kurudi nyuma kwa sekunde chache ndiko kunakuokoa.

Utajuaje mota zinatosha? Chukua mizani ndogo ya kuning'iniza. Mchana upepo ukiwa umechachamaa, fungia boti kwenye mizani mota zikiwa zimezimwa, usome upepo unavuta kiasi gani. Siku maji yametulia, fungia tena uwashe mota zote, usome zinavuta kiasi gani. Namba ya pili isipofika angalau mara 3 ya ile ya kwanza, usiipeleke boti ziwani.

Betri

Usitamani mwendo kasi. Ukitaka kwenda mara 2 ya kasi uliyonayo, nguvu inayohitajika ni karibu mara 8. Mita 1 kwa sekunde inatosha kabisa.

Tufanye hesabu. Betri ya lithiamu ya fosfeti ya chuma, volti 12.8 na ampea-saa 20, ina wati-saa 256. Tumia asilimia 80, unapata kama 205. Boti ikila wati 65, una saa 3 hivi. Mzunguko wa kilomita 1.5 ni dakika 25. Ukisimama dakika 2 kwenye kila kizimba kati ya 12, ongeza dakika 24. Jumla haifiki saa 1. Akiba inayobaki ni ya siku ya upepo, usiipangie kazi nyingine. Betri ya asidi ya ukubwa huo huo ni nzito zaidi ya mara 2, na haifai kuishusha chini ya nusu.

Ubongo na waya

Kama unajifunza, ESP32 na GPS vinakutosha kuandika programu yako mwenyewe. Lakini kwa boti ya kazi, chukua kidhibiti kinachoendesha ArduPilot. Programu hiyo ni ya bure, ina sehemu ya boti, na tayari inajua kurudi nyumbani betri ikipungua au mawasiliano yakikatika. Kuandika hayo yote mwenyewe kunachukua miezi, na ziwa halikusubiri.

Mambo manne usiyaruke:

1. Ubongo upate umeme wake kupitia kidhibiti cha volti 5, ikiwezekana na betri yake ndogo. Sisi tuliumia hapa.
2. Kila mota iwe na fyuzi yake.
3. Dira ikae juu, mbali na nyaya za mota, la sivyo boti itazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa.
4. GPS ya kawaida inakosea mita 2 hadi 3. Panga njia ipite mita 8 au zaidi kutoka kwenye kamba za vizimba.

Kabla ya kununua redio ya mawasiliano, waulize TCRA masafa yanayoruhusiwa.

Msimamo wangu

Tusidanganyane. Kijana akinionyesha kamera ya boti yake, nafurahi naye. Ila swali langu la kwanza sasa ni hili: ikizimika saa kumi na moja alfajiri, nani anapima?

Kwa hiyo anza na kipimo cha oksijeni cha mkononi. Pima kwa mtumbwi kila alfajiri mwezi mzima na uandike kwenye daftari. Utajua vizimba vyako vinavyoshuka kwanza, na utakuwa na namba za kulinganisha na za boti. Boti ikija, ipewe mwezi mwingine ikiongozana na mtumbwi. Sensa yake isafishwe kila wiki, mwani unaidanganya. Na kipimo cha mkononi kisiuzwe.

Vijana wale wamerudi kufuga. Wameanza na vizimba viwili, na boti yao ina mota mpya. Kamera waliiuza. Kila alfajiri mmoja wao bado anapiga kasia, na mimi ndiye niliyemwomba asiache.

Kama umeshajaribu yako, tuambie mota gani umetumia na ilivuta kilo ngapi. Kazi njema.