Nondo mkubwa: Mpige picha, usimpige ufagio

Tuseme ni asubuhi ya Aprili na mvua imenyesha usiku kucha. Unafungua mlango wa nyumba yako kule Ruiru au Thika, na ukutani, chini ya taa iliyokesha ikiwaka, ametua mdudu aliyetandaza mabawa mapana kuliko kiganja chako. Ni wa kahawia, na ana madoa mawili kama macho yanayokukodolea. Watoto wanapiga mayowe. Jirani anasema huyo ametumwa. Ufagio unaletwa.

Hebu ngoja kwanza. Huyo ni nondo, ndugu ya kipepeo, wala hana uhusiano na vyuma vya kujengea vyenye jina hilohilo. Hana meno wala mwiba. Tena iwapo ni wa jamii ya nondo wakubwa ambao wataalamu huiita Saturniidae, basi hata kula hali. Alikula alipokuwa kiwavi. Sasa amebakiwa na siku chache tu za kuishi kwa akiba iliyo mwilini, akitafuta mwenzake ili mayai yatagwe. Hayo macho ya mabawani ni ya kuwatishia ndege, si wewe.

Na mbona akaja kwako? Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, uliotumia kamera za kasi kubwa, ulionyesha kwamba wadudu wa usiku hupenda kuuelekeza mgongo upande wenye mwanga. Kabla ya balbu, mwanga wa usiku ulikuwa wa mbinguni, hivyo mdudu alijua juu ni wapi. Taa yako humchanganya, akazunguka hadi akachoka. Hakutumwa na mtu, amepotea njia.

Sasa chukua simu. Asubuhi na mapema ndiyo saa nzuri, kwani nondo mkubwa hawezi kuruka kabla ya kutetemesha misuli yake ikapata joto. Usimshike mabawa. Ule unga unaobaki vidoleni ni magamba madogo sana, ndiyo yanayobeba rangi na michoro ambayo utaihitaji.

Piga picha tatu. Ya kwanza, simu iwe sambamba na mabawa ili yaonekane yote bila kupinda. Ya pili, kutoka ubavuni, uone upande wa chini wa mabawa ukiwezekana. Ya tatu, karibu na kichwa, vipapasio vionekane. Katika nondo wengi wakubwa, dume ana vipapasio vipana kama unyoya, na jike vyake ni vyembamba. Zima flashi, maana hufifisha rangi. Weka rula au sarafu ya shilingi ishirini kando yake, kwa kuwa picha isiyo na kipimo humfanya nondo wa sentimita 5 aonekane sawa na wa 15.

Kisha andika tarehe, saa, mahali, na miti iliyo karibu. Wanafunzi, hili ndilo jambo ambalo wengi hulisahau. Picha bila mahali na tarehe ni pambo tu.

Je, utamtambuaje? Tazama doa la jicho liko kwenye bawa lipi. Kama bawa la nyuma lina jicho kubwa la rangi ya machungwa, na upana wa mabawa unakaribia sentimita 16, huenda ni Bunaea alcinoe, ambaye viwavi wake hula majani ya miti kama mukinduri. Kama jicho liko bawa la mbele na mstari mweupe umekata mabawa yote manne, fikiria Cyligramma latona, ambaye hupenda kuingia nyumbani na ambaye viwavi wake hula migunga. Mwenye mikia mirefu na rangi ya kijani kibichi ni Argema mimosae. Na yule mnene mwenye mchoro kama fuvu la kichwa mgongoni ni Acherontia atropos, ambaye hulia akishikwa na huingia mizingani kunyonya asali. Hata Ulaya watu walimwogopa kwa sababu ya fuvu hilo, bure kabisa.

Ipo programu ya simu iitwayo iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008, ambayo hulinganisha picha yako na nyingine, kisha watu wenye ujuzi huthibitisha. Usikubali jibu la kwanza kwa pupa, kwani mashine nayo hukisia. Makumbusho ya Kitaifa jijini Nairobi yana mkusanyiko mkubwa wa wadudu. Nao wasomi wa icipe, taasisi iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, wako Kasarani, kando ya barabara hiyohiyo ya Thika.

Jina lina faida gani? Kwanza, hutenganisha adui na rafiki. Kiwavijeshi vamizi, aliyethibitishwa nchini mwaka 2017 na ambaye huharibu mahindi, ni mtoto wa nondo mdogo asiyevutia macho. Yule mkubwa unayemuua kwa hofu hagusi mahindi yako. Naye nondo wa hariri, anayelishwa majani ya mforosadi, amefanyiwa utafiti hapohapo Thika ili awape wakulima kipato.

Pili, na hili ndilo zito zaidi, mji unabadilika. Ruiru, iliyoipa jina kahawa ya Ruiru 11 ya mwaka 1985, inang'oa mibuni na kupanda maghorofa. Tangu barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa rasmi mwaka 2012, kasi imeongezeka. Mukinduri mmoja unapokatwa, viwavi wa nondo huyo hupoteza chakula, na hakuna anayetangaza kifo chao. Miaka 20 ijayo mtoto wako akiuliza ni wadudu gani walioishi hapa, jibu litategemea picha zilizopigwa leo, zenye tarehe na mahali.

Ukimaliza kupiga picha, zima taa ya nje. Mwache atulie kivulini, mbali na kuku na paka, na jioni ataondoka mwenyewe. Ila viwavi wenye manyoya msiwaguse, maana wapo wanaowasha vibaya.